Makande, kahawa na thayosalfeti: ni nini hasa huharakisha au kuchelewesha mmenyuko wa kikemikali?

Mleta mada, Arusha

Ndugu wanajukwaa, natanguliza salamu. Nimefundisha kemia ya sekondari hapa Arusha kwa muda mrefu, na kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu hunipa orodha ileile ya mambo yanayoathiri kasi ya mmenyuko: joto, ukolezi (wingi wa kemikali ndani ya ujazo fulani), eneo la uso, mgandamizo, kichocheo, na mwanga kwa wale wachache waliosoma hadi mwisho wa sura. Orodha hiyo ni sahihi na mtihani huipa alama zake. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo akikuta makande hayajaiva nyumbani huongeza mkaa, akiamini kwamba maji yanayochemka kwa kishindo hupika haraka kuliko maji yanayochemka taratibu. Kwa maoni yangu, hiyo ni dalili kwamba orodha imekaririwa bila kueleweka.

Hoja ninayoileta ni kwamba mambo hayo yote ni njia tofauti za kufikia jambo moja, yaani kuongeza au kupunguza idadi ya migongano yenye manufaa kati ya chembe kwa kila sekunde. Ili chembe mbili zimenyuke ni lazima zigongane, zigongane zikiwa na nishati isiyopungua kiwango fulani, na zigongane zikiwa zimeelekeana ipasavyo. Kiwango hicho cha nishati huitwa nishati ya kuamsha. Mgongano usiofikia kiwango hicho hauzai kitu. Chembe huachana zikiwa kama zilivyokuwa.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Vitabu vingi husema kwamba joto likipanda chembe huenda kasi zaidi, kwa hiyo hugongana mara nyingi zaidi, na mmenyuko huharakishwa. Maelezo hayo si uongo, lakini yanaacha sehemu kubwa ya ukweli. Ukipandisha joto kutoka nyuzijoto 25 hadi 35, mwendo wa wastani wa molekuli za gesi huongezeka kwa chini ya asilimia 2. Ongezeko hilo haliwezi kueleza kwa nini mimenyuko mingi huenda karibu mara mbili zaidi katika tofauti hiyohiyo ya nyuzi 10. Kinachobadilika sana ni sehemu ya chembe zilizovuka kiwango cha nishati ya kuamsha. Sehemu hiyo ilikuwa ndogo mno, na ongezeko dogo la joto huikuza kwa kiasi kikubwa. Svante Arrhenius wa Sweden aliliweka jambo hilo katika mlinganyo mwaka 1889, na mlinganyo huo bado tunautumia.

Sasa turudi kwenye sufuria. Maji yaliyo katika chombo kisichofungwa kwa nguvu hayapandi joto kupita kiwango chake cha kuchemka, na kiwango hicho hutegemea mgandamizo wa hewa wa mahali ulipo. Dar es Salaam ni nyuzijoto 100. Moshi mjini, ambako mwinuko ni chini ya meta 1,000, ni takribani 97. Arusha mjini, kwenye meta 1,400 hivi, ni takribani 95. Kituo cha Kibo katika njia ya Marangu ya kupanda Mlima Kilimanjaro kiko meta 4,720, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 85 au pungufu kidogo. Ukitumia kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 huongeza kasi mara mbili, makande ya Arusha yatahitaji muda zaidi ya yale ya Dar es Salaam kwa karibu theluthi moja au zaidi kidogo, na yale ya Kibo yatahitaji karibu mara tatu. Mkaa unaouongeza baada ya maji kuchemka unayageuza maji kuwa mvuke haraka zaidi na kukulazimisha kuongeza maji mengine. Haulipandishi joto la maharage hata kidogo.

Karibuni tujadili. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wale ambao kazi zao za kila siku zinahusu jambo hili.

Mchangiaji, Soko la Kilombero, Arusha

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama lishe, na makande ni chakula ninachokiuza karibu kila siku, kwa hiyo nimeisoma mada yako kwa makini. Nakubaliana nawe kuhusu mkaa, kwani sisi hupunguza moto mara sufuria inapochemka, tukifunika vizuri ili kubana matumizi. Lakini mbona hukutaja magadi? Nikiweka kipande kidogo cha magadi, mahindi na maharage huiva mapema sana kuliko bila magadi, ingawa joto la maji ni lilelile na sufuria ni ileile. Vilevile maharage yaliyokaa ghalani tangu mwaka jana hayaivi sawasawa na mapya hata uyapike kutwa nzima. Je, magadi ndiyo hicho unachokiita kichocheo? Na je, sufuria ya presha inastahili gharama yake kwa mtu anayeishi huku juu?

Mleta mada, Arusha

Asante sana, mama, kwa maswali hayo, maana yameigusa mada penyewe.

Chembechembe hai za maharage zimeshikamanishwa na kitu kiitwacho pektini, na pektini hiyo hukazwa na kalisi. Kuiva kwa maharage ni kulegea kwa mshikamano huo, pamoja na wanga kunyonya maji na kuvimba. Magadi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, kama yale yanayotoka Ziwa Natron, hufanya mambo mawili kwa pamoja: huyafanya maji kuwa na ualikali, hali ambayo pektini hukatika kwa urahisi zaidi, na sodiamu yake huchukua nafasi ya kalisi iliyokuwa imeukaza mshikamano. Kwa hiyo yanaharakisha kweli. Hata hivyo mimi siyaweki katika kundi la vichocheo, kwa sababu kichocheo hushiriki katika mmenyuko na kurudi katika hali yake mwishoni, ilhali sodiamu iliyoingia kwenye maharage imeingia na hairudi. Umebadilisha mazingira ya mmenyuko, na mmoja wa washiriki ni mpya. Tahadhari yangu ni kwamba ualikali huohuo huharibu vitamini B1, na yakizidi chakula hupata ladha ya sabuni. Kipande kidogo kinatosha.

Kuhusu maharage ya zamani, yanapokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, mabadiliko hufanyika ndani yake ambayo huikaza ile pektini zaidi. Mshikamano unaotakiwa kuvunjwa si ule wa maharage mapya, na hivyo kuni au mkaa mwingi hauwezi kufidia. Kuyaloweka usiku kucha husaidia, kwa sababu maji huwa yameshafika katikati ya punje kabla sufuria haijabandikwa jikoni.

Sufuria ya presha inastahili gharama huku kuliko inavyostahili pwani. Iwapo kizibo chake kinaruhusu mgandamizo wa takribani anga moja (yaani kiasi cha mgandamizo wa hewa ya pwani) juu ya ule wa nje, maji ndani yake hufika karibu nyuzijoto 120 pwani na karibu 118 hapa Arusha. Pwani umepata nyuzi 20 zaidi. Hapa umepata kama 23, kwa sababu tulianzia chini. Kwa kanuni ileile ya kukadiria, hiyo ni kasi ya karibu mara tano. Ndiyo maana mpishi wa wageni wanaopanda mlima hawezi kupanga maharage makavu kwenye kambi za juu bila chombo hicho. Wapishi na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, hupendelea vyakula vinavyoiva upesi.

Mchangiaji, Moshi

Mwalimu, naomba kupinga kidogo. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na sipendi jinsi kanuni ya “nyuzi 10, mara mbili” inavyotumiwa kama sheria ya maumbile. Ukiirudia hesabu ya Arrhenius kati ya nyuzijoto 25 na 35, utaona kwamba kasi huongezeka mara mbili pale tu ambapo nishati ya kuamsha ni takribani kilojuli 53 kwa moli. Ikiwa ni kilojuli 100, kasi huongezeka karibu mara nne. Na ukiwa karibu na nyuzijoto 100, ili kupata mara mbili unahitaji nishati ya kuamsha ya karibu kilojuli 78, kwa sababu athari ya nyuzi 10 hupungua kadiri unavyopanda. Isitoshe, ipo mimenyuko ambayo haina kizuizi kikubwa cha nishati, kama vile tindikali kali ikikutana na alikali kali katika maji: chembe zinamenyuka mara tu zinapokutana, na joto lina athari ndogo sana. Mwanafunzi akiondoka na kanuni ya mara mbili peke yake, atashangaa siku akikutana na mmenyuko usioifuata.

Mleta mada, Arusha

Pingamizi lako ni la haki kabisa na ninaliunga mkono. Ndiyo maana nimeiita kanuni ya kukadiria. Thamani yake ni kutupatia ukubwa wa jambo pale tusipokuwa na vipimo, nayo inatosha kumwonyesha mtu kwamba tofauti ya Arusha na Moshi katika kupika ni ndogo, kama asilimia 15 hivi, ilhali ile ya Moshi na Kibo ni kubwa. Kwa kazi ya maabara, mtu apime.

Mchangiaji, Moshi (mwanafunzi)

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Moshi. Katika jaribio la sodiamu thayosalfeti na tindikali ya haidrokloriki tulichora alama ya msalaba kwenye karatasi, tukaweka chupa juu yake na kupima muda hadi alama ilipotoweka. Nina maswali mawili. Kwanza, kundi letu lilifanya asubuhi na kundi la pili mchana, tukitumia kemikali zilezile, lakini wao walipata muda mfupi kuliko sisi katika kila mchanganyiko. Pili, nilipoongeza ukolezi wa thayosalfeti mara mbili, muda ulipungua karibu nusu kama tulivyofundishwa. Lakini nilipoongeza ukolezi wa tindikali mara mbili, muda haukubadilika sana. Mwenzangu anasema nilikosea kupima. Je, ni kweli?

Mleta mada, Arusha

Marahaba, mwanangu. Sioni sababu ya kusema kwamba ulikosea, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu swali lako la pili ni zuri kuliko unavyodhani.

Swali la kwanza ni la joto. Katika miezi ya joto hapo Moshi, chumba cha maabara chenye paa la bati kinaweza kuwa na nyuzijoto 20 asubuhi na zaidi ya 30 mchana. Tofauti hiyo peke yake inatosha kupunguza muda hadi karibu nusu. Kundi ambalo haliandiki joto la chumba haliwezi kulinganisha matokeo yake na ya kundi lingine. Nawashauri wanafunzi wangu waweke chupa za kemikali ndani ya beseni moja la maji kwa robo saa kabla ya kuanza, ili mchanganyiko wa kwanza na wa mwisho ufanyike kwenye joto lilelile.

Kuhusu jaribio lenyewe, kumbuka unapima nini. Mmenyuko huzalisha salfa, ambayo haiyeyuki kwenye maji na hubaki ikielea kama ukungu wa rangi ya maziwa na njano. Alama hutoweka pale salfa inapofikia kiasi fulani. Ikiwa kiasi hicho ni kilekile kila mara, moja gawanya kwa muda ni kipimo cha haki cha kasi ya wastani. Lakini ili kiwe kilekile, sharti chupa iwe ileile, jumla ya ujazo iwe ileile, jicho linalotazama kutoka juu liwe la mtu yuleyule, na msalaba uwe umechorwa kwa wino uleule. Ndiyo maana unapopunguza thayosalfeti kutoka sentimeta za ujazo 50 hadi 40 unaongeza maji 10: ukiacha kuongeza maji, kina cha mchanganyiko hupungua, nawe utakuwa umebadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Fungueni madirisha pia, kwani salfa dayoksaidi inayotoka huwasha koo, na mwenye pumu asisimame karibu.

Sasa swali la pili. Vitabu vya ngazi yenu husema kwamba ukolezi ukiongezeka kasi huongezeka, na mwanafunzi huelewa kwamba jambo hilo ni sawasawa kwa kila kimenyukaji. Sivyo. Mmenyuko mwingi hupita hatua kadhaa, na kasi ya jumla hutawaliwa na hatua iliyo polepole kuliko zote. Kimenyukaji ambacho hakishiriki katika hatua hiyo, au katika zile zilizoitangulia, kinaweza kuongezwa bila kasi kubadilika. Katika jaribio lenu, kwa ukolezi unaotumika shuleni, kasi hufuata thayosalfeti kwa karibu, na mara nyingi tindikali huonyesha athari ndogo tu. Mfano ulio wazi zaidi ni mmenyuko wa ayodini na propanoni katika tindikali: ongeza ayodini mara mbili, kasi haisogei, ingawa ayodini ndiyo inayoliwa na rangi yake ndiyo inayofifia mbele ya macho yako, ongeza tindikali, ambayo hailiwi, nayo kasi inapanda.

Maana yake ni kwamba uhusiano wa kasi na ukolezi hauwezi kusomwa kwenye mlinganyo uliosawazishwa. Ni lazima upimwe. Mjerumani Ludwig Wilhelmy alilifanya hilo mwaka 1850 kwa kufuatilia sukari ikivunjwa na tindikali, akaona kwamba kasi wakati wowote ni sawia na sukari iliyosalia. Wanorwe Cato Guldberg na Peter Waage walifuata mwaka 1864 na kanuni pana zaidi kuhusu nafasi ya wingi wa vimenyukaji. Jaribio lenu la msalaba ni la ukoo huohuo. Kwenye ripoti yako andika ulichokiona kuhusu tindikali, wala usikibadilishe ili kifanane na cha mwenzako.

Mchangiaji, Machame

Mwalimu, nimefuatilia nikiwa mkulima wa kahawa. Baada ya kumenya kahawa kwa mashine tunaivundika ili ule ute unaoteleza utoke, halafu tunaiosha na kuianika. Hapa kwetu juu, karibu na msitu, huchukua muda mrefu kuliko kwa ndugu zangu walio chini kuelekea barabara kuu, na miezi ya baridi hali huwa ngumu zaidi. Wapo wanaoshauri tumwagie maji ya moto ili kuharakisha, na wengine wanaweka maji ya uvundikaji wa jana. Mmojawapo wa wanunuzi alikataa kahawa ya jirani akisema ina harufu ya kuoza. Sayansi inasemaje?

Mleta mada, Arusha

Kaka, hapa tumeingia kwenye vimeng'enya, ambavyo ni vichocheo vinavyotengenezwa na viumbe hai, na kanuni ya joto inapata mpaka.

Ute wa kahawa una pektini, ileile niliyoizungumzia kwenye maharage. Kwenye tangi la kuvundikia, vimeng'enya vya tunda lenyewe pamoja na vile vya bakteria na hamira huikata pektini hiyo hadi ute uachie ganda. Joto likishuka, kasi ya vimeng'enya hushuka, na uzazi wa vijidudu vinavyovitengeneza hushuka pia, kwa hiyo baridi ya mlimani inakupiga mara mbili. Tofauti ya nyuzijoto chache kati ya shamba la juu na la chini inaweza kuleta tofauti ya usiku mzima. Hamjakosea kitu, saa walizopewa walio chini haziwafai ninyi.

Maji ya moto siyaungi mkono. Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloiwezesha kufanya kazi. Joto likipanda taratibu kasi huongezeka kama kawaida, lakini likipita kiwango fulani, ambacho kwa vimeng'enya vingi kiko kati ya nyuzijoto 40 na 60, umbo huharibika na kazi husimama. Ukishakiharibu, kupoza maji hakukirudishi. Juu ya hilo, maji ya moto hayasambai sawasawa, hivyo punje za juu zitaungua ilhali za chini hazijaguswa.

Maji ya jana huharakisha, kwa sababu unaingiza jeshi la vijidudu lililokwisha kuzaliana. Hatari yake ni kwamba unaingiza pia wale usiowataka na tindikali walizozitengeneza, na hapo ndipo harufu mbaya huanzia. Punje chache zilizokwama kwenye nyufa za tangi tangu awamu iliyopita zinatosha kuharibu ladha ya gunia, kwa hiyo tangi lisafishwe kabisa kila mara. Njia salama zaidi za kupata muda ni kuivundika ikiwa imechujwa maji badala ya kuizamisha, kwani uvundikaji mkavu huenda haraka zaidi, na kufunika tangi usiku ili joto linalozalishwa na vijidudu wenyewe lisipotee.

Kipimo cha kumaliza kisiwe saa. Chota kiganja cha kahawa, ioshe kwa maji safi, isugue kati ya viganja. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza kama kokoto na kutoa mlio wake, ute umetoka. Ioshwe mara moja, hata kama ni saa nane za usiku. Mmenyuko haukungojei ulale, na kahawa iliyopitiliza haina dawa.

Mchangiaji, Usa River

Kwa wale wa Arumeru jambo hili linaonekana hata kwenye maji ya kunywa. Vyanzo vyetu vingi vina floridi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia. Tunatumia vichujio vya mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Je, si vema mkaa huo ukasagwa kuwa unga ili ufanye kazi haraka?

Mleta mada, Arusha

Kwa upande wa kasi, ndiyo. Floridi hubadilishana nafasi na haidroksaidi iliyo kwenye madini ya mfupa, na mabadilishano hayo huanzia kwenye uso wa punje. Chukua mche mraba, yaani umbo kama la dadu, wenye upande wa sentimeta 1: uso wake ni sentimeta za mraba 6. Ukate kuwa miche ya milimeta 1, utapata 1,000, na jumla ya uso ni 60. Kitu ni kilekile, uso ni mara kumi. Lakini unga hujibana na maji hayapiti, au hupita kwa kutafuta mfereji mmoja na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa. Kwa hiyo huchaguliwa punje za kati, halafu kasi iliyopotea hufidiwa kwa kuyapitisha maji polepole. Bomba la kichujio likifunguliwa lote ili ndoo ijae upesi, floridi hukosa muda wa kufika kwenye mkaa. Na mkaa ukishajaa umejaa. Hapo punje ndogo wala mwendo wa taratibu havisaidii.

Mchangiaji, Unga Limited, Arusha

Mwalimu, mimi ni fundi wa magari. Wateja wengi hutaka tuyatoe masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, kwenye ekzosi wakiamini gari litakuwa jepesi, na wapo watu wanaoyanunua kwa bei nzuri. Nasikia ndani yake kuna kichocheo. Kama kichocheo hakiliwi, kwa nini masega ya magari mengine hufa? Na kwa nini gari likiwashwa asubuhi hunuka moshi mkali hata kama masega yapo?

Mleta mada, Arusha

Ndani ya masega kuna tabaka jembamba la platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei hutokana na madini hayo. Yametobolewa vishimo vingi ili moshi wote upite ukigusa uso mpana. Juu ya uso huo, kaboni monoksaidi hupata oksijeni na kuwa kaboni dayoksaidi, na oksaidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni. Bila kichocheo, mimenyuko hiyo ingehitaji joto kubwa zaidi au muda ambao moshi hauna, kwa kuwa unapita ekzosi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kichocheo hutoa njia yenye nishati ya kuamsha iliyo ndogo, lakini si sifuri. Ndiyo maana asubuhi, ekzosi ikiwa baridi, masega hayafanyi kazi. Huanza kufanya kazi vizuri yakishafika nyuzijoto 250 hadi 300 hivi.

Ni kweli hayaliwi na mmenyuko, lakini uso wake unaweza kuzibwa. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli iliyaua masega kwa njia hiyo, nayo iliachwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Siku hizi sababu ya kawaida ni injini inayokula oili, kwa kuwa fosforasi ya kwenye oili hujipaka juu ya madini. Sababu nyingine ni injini inayokosa mlipuko kwenye silinda moja: petroli isiyoungua huingia kwenye masega, huungulia humo, na joto huyeyusha vishimo hadi vizibe. Gari likikosa nguvu kwa sababu ya masega yaliyoziba, litafutwe kwanza lililoyaziba, maana masega mapya yakifungwa kwenye injini ileile mbovu yatakufa kama yaliyotangulia. Na mkipima moshi wa gari la mteja, lipimwe baada ya kuendeshwa hadi injini ipate moto. Kipimo cha gari lililowashwa sasa hivi hakiwaambii kama masega ni mazima.